Mzimu Aliyekimbia Pamoja na Watu

Harufu ninayoikumbuka ni ya mablanketi. Yalikuwa mablanketi mazito ya kijivu, yaliyokusanywa nyumba kwa nyumba ili kuziba madirisha ya kanisa la Kalembe mchana wa Jumapili, na kwa kuwa mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, yalinuka moshi wa jikoni, mikojo ya watoto na unyevu. Ndani ya giza lile la mchana nilitazama sinema yangu ya kwanza ya mzimu. Tangu siku hiyo nimetazama nyingine nyingi, za kuchekesha, na karibu zote hufanana: kuna nyumba kubwa yenye ngazi, kuna kitambaa cheupe, kuna mtu mnene anayetetemeka mpaka kofia inamruka kichwani, na kuna mzimu ambaye kazi yake ni kufukuza watu ili sisi tucheke. Wengine huzitazama sinema hizo wakiwa upande wa wanaokimbia. Mimi nimeshindwa. Huzitazama nikiwa upande wa mzimu, kwa sababu mwaka ule, katikati ya miaka ya sitini, nikiwa na umri wa miaka kumi, kijiji kizima kilikuwa kimekwisha kunililia matanga.

Kalembe iko pale ambapo milima ya Masisi inaishia na msitu wa Walikale unaanzia. Ukisimama kanisani, upande mmoja unaona mashamba ya maharage yamepanda hadi juu, na juu zaidi ng'ombe wanaoonekana wadogo kama punje; upande wa pili ni msitu tu, na ukungu unaotoka humo kila asubuhi. Baba alikuwa akifanya kazi katika shamba kubwa la kahawa mbali na sisi, akija nyumbani mara mbili kwa mwaka. Shangazi yangu, dada yake, alikuwa ameolewa Mpofi, ndani ya msitu, na alipojifungua mama alinituma nikamsaidie kubeba mtoto, ingawa yeye mwenyewe alikuwa mjamzito. Sikumaliza wiki mbili huko. Homa ilinishika, nikaanza kusema maneno yasiyoeleweka, na mume wa shangazi pamoja na ndugu zake wakanibeba kwenye machela hadi hospitali ya misioni iliyokuwa mbali sana, barabara ya kuteremka kuelekea Hombo. Waliniacha mikononi mwa mwuguzi wakaahidi kurudi baada ya siku chache. Kabla siku hizo hazijaisha, askari walifunga barabara, watu wa Mpofi wakakimbilia msituni, na hakuna aliyekuja kunichukua. Nilikaa huko miezi saba.

Katika kitanda cha jirani alilala msichana mwingine wa umri wangu. Yeye pia aliitwa Faida. Ili kututofautisha, mwuguzi alituita Faida wa dirishani na Faida wa mlangoni. Mimi nilikuwa wa mlangoni. Faida wa dirishani alikuwa ametoka upande wa Hombo, na yeye pia aliachwa. Alijua kuhesabu kwa Kifaransa hadi mia moja, na alinifundisha polepole, kumi kila jioni, akikasirika niliporuka namba. Tulifika sitini. Asubuhi moja nikiwa nakunywa uji niliona wanafunika uso wake kwa shuka. Siku chache baadaye akapita, kwa njia za msituni, mfanyabiashara wa chumvi aliyeifahamu familia yetu, akauliza mlangoni habari za mtoto anayeitwa Faida. Mtu wa kufagia, ambaye hakujua kwamba tulikuwa wawili, akamwambia kwamba Faida amekufa na amekwisha kuzikwa. Mimi wakati huo nilikuwa nyuma ya jengo nakunja bendeji zilizofuliwa. Mfanyabiashara yule hakuwa na kosa lolote. Aliibeba habari ile siku zote za safari yake na kuifikisha kwa mama akiwa ameshika kofia mkononi.

Barabara ilipofunguliwa, nilifuatana na wanawake waliobeba mafuta ya mawese kwenda kuuza milimani. Tulitembea siku tatu. Tulipofika penye njia panda wakanionyesha njia ya Kalembe na kuendelea na safari yao, nami nikapanda peke yangu, mchana, jua likiwa kali, nikifikiria jambo moja tu: mama atapika nini. Kwenye kisima cha chini ya kijiji nilimkuta Sifa. Sifa alikuwa rafiki yangu tangu tulipojua kutembea. Tulikaa benchi moja shuleni, tuliteka maji pamoja, tulisukana nywele. Alikuwa ameinama anajaza kibuyu, na amevaa gauni langu la kijani lenye kola nyeupe. Nilifurahi kuona analitunza vizuri. Nikamwita. Akainua kichwa, kibuyu kikamponyoka na kupasuka juu ya jiwe, akapiga kelele:

"Muzimu! Mama ee, muzimu!"

Kisha akakimbia. Niligeuka kutazama nyuma yangu. Sikuona kitu ila majani yakitikisika, na kutoona kitu kulinitisha zaidi kuliko kama ningekiona. Niliamini kwamba kuna mzimu nyuma yangu, kwamba Sifa amemwona na mimi simwoni, nikatimua mbio nikimfuata, nikilia, "Sifa, ningoje! Ningoje!" Kila niliposema ningoje, yeye aliongeza mwendo. Tulipanda mlima wote namna hiyo, watoto wawili tukimkimbia mzimu mmoja, mpaka tukafika katikati ya nyumba, na huko nikaona milango inafungwa mmoja baada ya mwingine.

Mlango wa mama haukufungwa. Alitoka akiwa na mtoto mchanga mgongoni, akasimama kwenye kizingiti. Hakunikimbia wala hakunikaribia. Aliingia ndani, akarudi na kiazi kitamu kilichochomwa, akakiweka chini kati yetu, akarudi nyuma hatua mbili.

"Kama uko mutu, kula," alisema.

Nilikuwa na njaa ya siku tatu. Nilikiokota nikala pamoja na maganda na majivu yake, na mama akatazama koo langu kila nilipomeza. Kilipokwisha, akaketi pale pale vumbini na kunyoosha mikono. Alinikumbatia kwa muda mrefu mpaka mtoto wa mgongoni akaanza kulia, na ndipo mama akamtuliza kwa jina lake. "Nyamaza, Faida. Nyamaza, mama." Nilidhani anasema nami. Walikuwa wamempa mtoto jina langu.

Wiki hiyo hiyo mama aliniuliza, "Sasa, ni nani tulilia?" Nikamweleza habari za Faida wa dirishani, za kuhesabu, za shuka. Alisikiliza hadi mwisho. Kesho yake alinichukua tukaenda kwa padri wa parokia, mtu mpole aliyekuwa tayari ameandika jina langu katika daftari la marehemu na sasa alikuwa akitafuta namna ya kulifuta. Mama akamwambia, "Padiri, ile kilio tulilia, tumupatie mwenyewe. Ule mutoto naye iko na mama." Misa ikasomwa kwa ajili ya msichana wa Hombo. Tulikuwa watu wanne kanisani, pamoja na padri.

Hakuna aliyenitendea ubaya katika miezi iliyofuata, na hilo ndilo gumu kulieleza. Hakuna aliyenipiga jiwe wala kunitukana. Watu waliniheshimu. Nilipofika kisimani, wanawake watu wazima walisogea kando wakaniacha niteke kwanza, nami niliteka haraka haraka kwa aibu huku wote wamenyamaza. Nilipomsalimu mzee, aliitikia akitazama chini. Shuleni mwalimu alinirudisha darasani, lakini benchi nililokaa likabaki langu peke yangu, wakati mengine yalikaliwa na watoto watano watano. Sifa alihamia mbele kabisa. Gauni la kijani lilirudishwa: asubuhi moja nililikuta juu ya ua wa nyumba yetu, limefuliwa na kukunjwa, na aliyelileta hakupiga hodi. Nilipolivaa lilinifika juu ya magoti. Wakati wa matanga watu walikuwa wamekula chakula cha kifo changu, wamegawana mkeka wangu, sahani yangu na kitana changu, na wamekwisha kuzoea kuishi bila mimi. Sasa walikuwa wanadaiwa furaha ambayo hawakujua waitoe wapi. Hata nyumbani, mama alipoita "Faida!" mikono yake ilikuwa tayari inaelekea kwa mdogo. Alipogundua, alinitazama kwa huruma akasema, "Ni wewe pia," na neno lile "pia" nililala nalo siku nyingi. Mara nyingine nilikaa nyuma ya jiko nikihesabu kwa Kifaransa hadi sitini, nikisimama hapo, nikijiuliza kama kweli mwuguzi hakuwa ametuchanganya.

Ndipo alipokuja padri wa sinema. Alikuwa mgeni, akizunguka parokia moja baada ya nyingine na gari lenye mashine ya kuonyeshea picha na mota ya umeme iliyoachwa ikinguruma nje ya mlango. Sinema tulizozijua hadi siku hiyo zilikuwa za kunawa mikono, za mbu, na za maisha ya mtakatifu mmoja aliyekufa vibaya. Safari hii padri alisimama mbele akasema kwamba baada ya kujifunza sana, leo tutacheka. Picha zenyewe hazikuwa na sauti, na maandishi yake yalikuwa ya Kifaransa, kwa hiyo katekista wetu, Papa Yosefu, alisimama kando ya kitambaa cheupe na fimbo ndefu ili atueleze. Mama alikaa nami benchi la katikati, mdogo wangu mapajani mwake. Upande wangu wa kulia kulikuwa na nafasi ya watu watatu, na watu walikuwa wamesimama hadi mlangoni.

Papa Yosefu alianza vizuri, kwa Kiswahili chetu ambacho "njo" ni "ndiyo". "Huyu ni tajiri. Hii njo nyumba yake. Iko mugonjwa. Sasa amekufa. Hawa ni bandugu, banakuya kukula mali." Tulimwona mzee mwenye masharubu anazikwa, tukawaona ndugu zake wanakaa mezani kwake, wanafunga vitambaa shingoni, wanaletewa supu. Kisha mlango ukafunguka, akaingia mzee yule yule, mwenye masharubu yale yale, sasa amevaa shuka jeupe. Fimbo ya Papa Yosefu ilining'inia hewani. "Huyu..." alisema, "huyu sasa, ni... muzimu yake." Sikuhitaji kugeuka ili kujua kwamba vichwa vinageuka. Nilivisikia. Mama aliweka mkono wake juu ya goti langu.

Mzimu yule hakuwa na ubaya. Alitaka tu kukaa kwenye kiti chake na kunywa supu yake. Alivuta kiti, akaketi, akachukua kijiko. Wale ndugu walipomwona wakaruka juu ya meza, wengine wakatoka kwa dirisha, mwanamke mnene akaingia ndani ya pipa la unga. Padri mgeni alikuwa anacheka peke yake huko nyuma kwenye mashine. Kanisa zima lilikuwa kimya. Hakuna aliyejua kama inaruhusiwa kucheka maiti, hasa ndani ya kanisa, hasa mbele ya maiti aliyekaa benchi la katikati. Na mimi niliwatazama wale watu wakimwacha mzee na bakuli lake, nikaona machozi yananijia, kwa maana meza ile ilikuwa ndefu na yeye alikuwa mwisho kabisa, peke yake, na kitambaa chake shingoni.

Halafu mzee akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Alipoona watu wanakimbia huku wakinyoosha vidole kuelekea kwake, aligeuka kutazama nyuma. Hakuona kitu. Akageuka tena. Macho yakamtoka. Akatupa kijiko, akashika shuka lake kwa mikono miwili kama mwanamke anayevuka mto, akatimua mbio akiwafuata, amefungua mdomo, anawapungia wamngoje; na wao walipomwona anakuja wakazidi kukimbia, na yeye akazidi, wote pamoja, wakashuka ngazi, wakazunguka nyumba, wakavuka bustani, wakimkimbia mzimu aliyekuwa anamkimbia mzimu.

Nilicheka. Hakikuwa kicheko cha kike cha kujificha kwa kiganja. Kilitoka tumboni, kikapanda kwa nguvu, na kabla sijaweza kukizuia nilikuwa nimesimama nikinyoosha kidole na kupaza sauti kanisani:

"Njo vile nilikimbia! Mama, njo vile nilikimbia!"

Kisha nilisikia ukimya. Mashine iliendelea kuzunguka, mzee aliendelea kukimbia, na mimi nilibaki nimesimama, uso ukiungua. Mwanamke mmoja mbele yetu alimvuta mtoto wake kifuani. Nilitamani kutoka lakini mlango ulikuwa umejaa watu. Ndipo kutoka upande wa pili, katika giza la mabenchi ya mbele, ikasikika sauti kama ya mtu mwenye kwikwi. Ilikuja mara moja, ikanyamazishwa, ikaja tena.

"Ni kweli!" alisema Sifa. "Ni kweli! Alikuwa nyuma yangu, analia 'ningoje, ningoje!' Na mimi minakimbia!"

Watu walituona tukifika mbio, lakini hatukuwa tumemweleza mtu yeyote habari ya kisimani. Tuliijua sisi wawili tu, kila mmoja kwa upande wake, kwa miezi. Sasa alikuwa anacheka huku analia, na mama akaanza kucheka, mama ambaye sikuwa nimemsikia akicheka tangu nirudi, akifunika uso kwa kitenge na mabega yakipanda na kushuka. Papa Yosefu aliangusha fimbo. Mtu mmoja mlangoni akasema, "Muzimu naye anaogopa muzimu!" na hapo kanisa likapasuka. Wazee walijipiga mapajani. Padri mgeni alifurahi sana. Alidhani ni sinema yake iliyotuchekesha, akarudisha utepe nyuma akatuonyesha sehemu ile mara ya pili na mara ya tatu.

Kesho yake watoto walikuwa na mchezo mpya. "Faida, kuya ukuwe muzimu!" waliniita kutoka uwanjani, na kwa mara ya kwanza tangu nirudi mtu aliniita jina langu akinihitaji mimi. Nilijifunga shuka, nikawafukuza. Walikimbia wakipiga kelele za raha, nami nilikimbia nikipiga kelele zaidi. Tulicheza hivyo kwa wiki nyingi, na kila siku mimi ndiye nilikuwa mzimu. Mwanzoni sikujali. Kukimbiwa kwa kicheko kulikuwa afadhali mara mia kuliko kupishwa kwa heshima. Lakini polepole niliona kwamba hakuna aliyekubali kukamatwa. Nilipomkaribia mmoja sana, kicheko chake kilibadilika kidogo, na macho yake pia. Na mchezo ulipokwisha, wao waliondoka wawili wawili wameshikana mikono, na mimi nilikunja shuka.

Siku moja nilikataa. Nilikaa chini nikasema, "Leo sitaki kuwa muzimu." Walitazamana. Hawakuwa na mchezo mwingine wa kunipa. Wakasimama kidogo, wakachoka, wakaondoka mmoja mmoja, na mimi nikajua kwamba hata kile kidogo nilichokuwa nacho nimekitupa mwenyewe. Nilipoinua kichwa, Sifa alikuwa bado pale, hatua kumi kutoka kwangu, akichora chini kwa kidole cha mguu.

"Basi mimi njo nitakuwa," alisema.

Aliokota shuka kwa ncha za vidole, akajifunika kichwa, akanyoosha mikono. Nilisimama, nikakimbia. Sikukimbia sana. Alinifuata akijikwaa kwa sababu haoni, akinguruma kwa sauti ya ajabu, na mara nikasikia vidole vyake vinanishika kiganja, vinabana. Hakuna mtoto aliyekuwa amenigusa tangu nirudi Kalembe. Kunguruma kukaacha. Alifunua shuka, nywele zimemsimama, akautazama mkono wangu ndani ya wake.

"Iko moto," alisema. "Nilizania iko baridi."

Hakuuachia. Tulikaa chini vile vile, na baada ya muda akaniuliza kwa sauti ndogo, "Uliona nini kule?" Nikamwuliza kule wapi. "Kule, kwa bafu," yaani kwa wafu. Nikafikiri, kwa sababu nilitaka kumjibu ukweli. "Niliona hospitali," nikasema. "Kulikuwa uji." Alinitazama, nikamtazama, tukaanza kucheka tena, tukashindwa kuacha.

Jumatatu alirudi kwenye benchi langu. Wiki chache baadaye tulikuwa wanne, kisha watano, tukisukumana kwa viwiko. Mama akaanza kuniita Faida Mukubwa, nami nikalizoea. Si wote waliorudi. Mama mzee wa nyumba ya jirani hakukubali kamwe kupokea kitu mkononi mwangu; nilipomletea maharage niliyaweka chini, yeye akayaokota nilipokwisha kuondoka, na alifanya hivyo mpaka alipofariki nikiwa msichana mkubwa. Sikumchukia. Alikuwa amenililia kwa moyo wote, waliniambia, kuliko mtu yeyote.

Sasa naishi Goma, na wajukuu wangu hutazama sinema kwenye simu, wakiwa wameegemea mabega yangu. Mizimu ya siku hizi husema, huimba, hucheza dansi, hata huoa. Inajua kwamba ni mizimu na inajivunia. Watoto hawana haja ya kuangalia kama mtu mwingine amecheka kwanza. Hucheka mara moja, kila mmoja na simu yake, wengine wakiwa na vifaa masikioni, hivi kwamba katika chumba kimoja nasikia vicheko vitatu vya mambo matatu tofauti. Huniuliza kama kijijini tulikuwa na sinema, nami huwaambia ndiyo, moja.

Sifa aliolewa upande wa Walikale. Tulionana mara chache, halafu vita vya miaka hii vikaja na hatukuonana tena. Miaka minne iliyopita mtu mmoja alinipigia simu, akasema Sifa alifariki njiani wakati watu wa kijiji chao walipokuwa wanakimbia, na kwamba walimzika kando ya barabara. Nilimwuliza ni barabara ipi. Hakujua. Nilimwuliza kama alimwona kwa macho yake. Akasema hapana, aliambiwa na mwingine, na huyo mwingine aliambiwa. Alikuwa na sauti ya mtu mwema. Nilimshukuru.

Wanangu walitaka tufanye matanga. Walikwisha kuleta viti. Niliwaambia wavirudishe, na tangu hapo wananisema kwa upole kwamba Mama hataki kukubali. Labda ni kweli. Sifa ni mzee sasa kama mimi, kama yupo, na safari ni ndefu. Lakini mtu akibisha hodi mchana, siwaachi watoto waende. Nainuka mwenyewe, polepole kwa sababu ya magoti, nafungua mlango wote, hata kama mara zote ni jirani anayeomba chumvi.